Nilienda Kwake

...na jina bado hajalitaja, mzee Anselme, bado yuko juu ya karatasi yake, anasoma polepole kama anavyofanya kila kitu, kidole chini ya kila mstari, ndugu na dada katika Bwana, leo tuko na neno zito, neno ambalo wazee wenu wamelibeba wiki tano, na mimi niko kwenye benchi la nne upande wa wamama, mikono juu ya magoti, na kule mbele, benchi la kwanza, iko shingo ya Geneviève, imenyooka, haigeuki, amefunga kitambaa cha kijani, na kwenye kola ya blauzi yake umebaki uzi mweupe, mshonaji siku zote anatembea na nyuzi, kila Jumapili ni mimi niliyemtoa nyuzi pale mlangoni kabla hatujaingia, Gene, simama kidogo, leo umevaa atelye yote ya kushonea, na yeye anacheka, sasa ni Jumapili ya tano hakuna anayemtoa uzi, na anajua kwamba neno la leo ni lake, wazee walimjulisha tangu Alhamisi, na bado amekuja, amekaa mbele kabisa kama mtu anayengoja kubatizwa, kwa nini hakubaki nyumbani, angebaki nyumbani ningepumua... dada mmoja, anasoma mzee, amemkosea dada mwenzake, ametoa siri aliyokabidhiwa, na nyumba moja imepata hasara, hasemi ni dada yupi na nyumba ipi, kana kwamba watu hawajui, sisi ni watu sitini tu chini ya hili bati, Kamalondo nzima inajua, hata wale wa baa ya ng'ambo ambao wameshafungua muziki wao saa hii ya asubuhi wanajua kwamba binti yangu mimi Chileshe, muuza fretini, wale samaki wadogo, alikuwa aolewe mwezi wa nane na haolewi tena, na mama Brigitte, mke wa mzee, yuko hapa kando yangu, ameweka mkono wake juu ya wangu, anafikiri nimeinama kwa uchungu, ananinong'oneza, "Jikaze, mama Mapalo, inaisha sasa," inaisha, ndiyo, itaisha, hiyo ndiyo inayoniua.

Hatua ya kwanza, anasoma mzee, na anainua macho kidogo, anatutafuta, mimi naangalia sakafu, hatua ya kwanza ilifanyika, dada aliyekosewa alienda kwa dada yake, wao wawili peke yao, kama Bwana wetu alivyotufundisha... alienda, nilienda, si uongo, miguu yangu ilienda, mzee aliniuliza mwenyewe dukani kwake, kule anakouza maharage ya jumla, magunia mpaka kwenye dari, alitoa miwani, akaweka kalamu chini, yule mzee wa Butembo hana haraka na jambo lolote, akaniuliza, "Mama Mapalo, mbele ya yote. Ulienda kwake? Weye peke yako na yeye peke yake?" na mimi nikasema, "Nilienda kwake, mzee," akatikisa kichwa, akasema, "Bon. Na hakukusikia," hakuuliza, alisema tu, na mimi nikanyamaza, nikaacha neno lake lisimame pale kati ya magunia kama langu, sikusema ndiyo, sikusema hapana, Mungu wangu, mtu anaweza kuua mtu kwa kunyamaza na mikono yake ikabaki safi, inanuka samaki tu.

Kwa sababu nilienda kweli, ilikuwa Jumanne, siku moja baada ya tantine Albertine kuja kwangu na wale wajomba wawili, yaani shangazi yake Guelor, kijana aliyekuwa amwoe Mapalo wangu, wale wale waliokuja mwezi wa pili kutoka Lukafu na mahindi mapya na kuku wawili wakipiga hodi kwa nyimbo, safari hii walikaa kwenye ncha ya viti, hawakunywa maji, na Albertine akasema, "Sisi hatuna na ubaya na mutoto wenu, mama. Ni mutoto muzuri. Lakini ninyi mulituficha. Ugonjwa ya kuanguka munaificha? Ata ndugu yenu wa kanisa, ule mushonaji, yeye alitwambia. Ninyi mulituficha," na Mapalo alikuwa nyuma ya pazia, alisikia yote, hakulia, alitoka akachukua glasi zile zilizojaa maji akarudi nazo jikoni, sikulala, asubuhi nikaenda sokoni, nikauza bila kusikia bei, saa sita nikafunga beseni, nikashika njia ya kwa Geneviève na maneno yote mdomoni, nilikuwa nimeyapanga moja moja kama ninavyopanga samaki kwenye meza, wewe uliyemshika mikononi, wewe uliyekula kwangu, wewe, wewe, na nilipofika kwenye lango nikasikia cherehani, ile sauti yake ya kukimbia na kusimama, kukimbia na kusimama, na yeye akaniona kabla sijabisha, "Karibu, mama Mapalo! Ingia, jua iko kali," na chini ya sindano ilikuwa nguo ya Mapalo, ile ya buluu ya sherehe, alikuwa bado anaishona, akaiinua nione, macho yake chini, akaniuliza, "Nabakiza mikono tu. Nimalize, ao ningoje?"

Nimalize ao ningoje, alikuwa hanizungumzii nguo, leo najua, hata siku ile nilijua, mtoto mdogo angejua, alikuwa ananifungulia mlango wote, alikuwa anasema sema, Chileshe, sema sasa, na mimi nikasema, "Maliza," nikaketi, akaleta bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, tukanawa, tukala sahani moja kama miaka yote, yeye anamega vipande vidogo, mimi nasifu sombe, nasema wameongeza bei ya mafuta ya mawese, nasema mvua ya mwaka huu iliisha mapema, na alipokwisha kuondoa sahani alisimama mbele yangu akaniita kwa jina langu, si mama Mapalo, jina langu, kama alivyoniita wiki ile ya kilio cha mume wangu Jeannot, "Chileshe. Iko neno?" na mimi nikafunga kitenge kiunoni, nikabeba beseni langu kichwani, nikasema, "Hapana. Nilikuwa napita tu"... hivyo ndivyo nilivyoenda kwake, wawili peke yetu, saa nzima, na ile kazi niliyopewa na Bwana ilikuwa pale mezani kati yetu na sikuigusa hata kwa kidole.

Hatua ya pili, anasoma mzee, mashahidi wawili, yaani yeye na mama Brigitte, walienda Jumamosi mbili mfululizo, na mama Brigitte ananikaza mkono, anataka nijue kwamba walienda, najua, aliporudi aliniambia kwa hasira, yeye ambaye hakasiriki, "Ule mutu iko na kiburi, mama Mapalo. Tulimuuliza vizuri, na upole. Unajua alijibu nini? Alisema, nilimukosea Chileshe, sikumukosea mzee Anselme. Chileshe akuje aniulize, nitamujibia. Ninyi sina na neno ya kuwaambia," na mama Brigitte akasonya, akasema, "Akuje aniulize! Kana kwamba haukuenda!" na mimi nilikuwa nachambua fretini, natupa vichwa huku na miili huku, nikaendelea kuchambua, huo ndio ulikuwa mlango wa pili, Geneviève alinifungulia tena kwa mdomo wa watu wengine, na mzee akauchukua ule mlango uliofunguliwa akauandika kwenye karatasi kwamba umefungwa, hakatai yeye, hakatai, anasema ukweli mtupu, anasema iko mtu mmoja tu mwenye haki ya kumuuliza na mtu huyo hajamuuliza, na kanisa zima limekaa kwenye mabenchi leo kuuliza mahali pangu.

Mahali pangu, ee Bwana, na lile fundisho, mwezi wa tatu, Jumatano tatu mfululizo, mzee alichora mstari mmoja wa chaki katikati ya ubao, huku kazi ya kanisa, huku kazi ya kila mkristo mwenyewe, kwa sababu watu walikuwa wanaleta kila kitu kwa wazee, mume hasemi na mke wake analeta kwa wazee, mama yake mtu ni mgonjwa mtaa wa pili anasema kamati ya kanisa imtembelee, na mzee alikuwa amechoka, alisema, "Kanisa inakusanyika, inahubiri, inaumega mukate, inalinda mafundisho. Lakini kanisa haiwezi kumupenda bibi yako mahali pako. Kanisa haina na mikono ya kumubeba mama yako. Kanisa haiwezi kuomba samahani mahali pako," watu wakacheka, akatoa chaki, nani atakuja kuandika mambo matatu upande wa mkristo mwenyewe, na nani alisimama, ni mimi, mimi Chileshe, niliandika kuwatunza watu wa nyumba yako, nikaandika kusema ukweli, nikaandika kumwendea ndugu aliyekukosea, kwa herufi kubwa, na Geneviève akanipigia makofi pale kwenye benchi, mzee akasema muangalie mama Mapalo, huyu ameshika somo... nililishika, lilikuwa kwenye vidole vyangu, unga wa chaki, nikaenda nikanawa.

Mtoto analia kule nyuma, mama yake anamtoa nje, ningekuwa na mtoto mdogo ningemfinya kidogo alie, nitoke naye, nisirudi... mzee ameacha kusoma, anangoja mtoto atoke, anafuta miwani kwa ncha ya tai, bado mstari mmoja, miwili, halafu jina, halafu atamwambia asimame aijibu jamaa ya Mungu, na Geneviève hatajibu, namjua, atasimama vizuri, atafunga mikono mbele, atanyamaza, kwa sababu neno lake ni moja, Chileshe akuje aniulize, na akikataa kulisikia kanisa basi kanisa litafanya kazi yake, kwa haki kabisa, hatua ya tatu, hakuna atakayemega mkate naye, hakuna atakayekaa naye mezani, watu sitini watampita njiani na macho yao chini, na yeye hana mtu mwingine, Fils, mwanawe, yuko Kolwezi kwenye mgodi, anapiga simu Pasaka na Noeli, mume alikwenda Zambia zamani na hakurudi, sisi ndio tunaomjua anapenda chai ya namna gani, nani atamzika, nani ataketi kwenye mkeka wake, na wao watafanya hivyo kwa machozi, mzee Anselme atalia kweli, kwa sababu anaamini kwamba kabla ya hatua ya tatu zilikuwepo mbili, amejenga nyumba yote juu ya tofali moja na tofali hilo ni mdomo wangu.

Simama, Chileshe, simama useme... niseme nini, kwamba nilimdanganya mzee wa kanisa, mbele ya Mapalo, Mapalo yuko kule kwa waimbaji, amevaa sketi nyeusi, haniangalii tangu jana, jana jioni nilikuwa napuliza makaa kwenye mbabula, yeye ameshika vidonge vyake viwili na kikombe cha maji, akasema, "Mama, kesho munamutenga ma Geneviève kweli?" nikasema si mimi, ni kanisa, akacheka, lakini si cheko, akasema, "Mama, balimuuliza. Guelor aliniambia. Tantine yake alimufuata kwake, akamuuliza macho kwa macho, huyu mutoto iko na ugonjwa ao hapana, apa mbele ya Mungu wenu. Ulitaka aseme nini?" nikasema nilitaka anyamaze, nilimwomba anyamaze, aliniahidi, na Mapalo akameza vidonge, akaweka kikombe chini taratibu, "Kunyamaza ilikuwa ni kusema ndiyo, mama. Miye mwenyewe nilitaka kumwambia Guelor tangu siku ya kwanza. Njo weye ulinikatalia," ndiyo, ni mimi niliyemkatalia, na akaingia ndani, na makaa yalikuwa yameshika vizuri, na nilibaki pale nikiendelea kupuliza.

Kwa hiyo ni nani aliyemkosea nani, Geneviève alitoa siri, ndiyo, aliahidi na akatoa, hilo liko, hakuna wa kulifuta, lakini siri yenyewe ilikuwa nini, ilikuwa uongo wangu niliompa anishikie, nilimwekea mikononi kitu cha moto na nilipomwona amekiachia nikapiga kelele kwamba ameniunguza... alikuwepo siku ya kwanza Mapalo kuanguka, mtoto alikuwa na miaka saba, hapa hapa kwenye kiwanja cha kanisa, watoto walikimbia, watu wazima walirudi nyuma, iko mtu alisema ni pepo, iko mtu alianza kuomba kwa sauti, na mimi mama yake nilisimama nimeganda, ni Geneviève aliyevua kitenge chake akabaki na shumizi mbele ya wanaume wote, akakikunja chini ya kichwa cha mtoto, akamlaza ubavu, akamwimbia kitu kile cha kijinga cha kuhesabu vifungo, kifungo kimoja, vifungo viwili, mpaka macho yake yakarudi, halafu akatuongoza wote wawili kwa daktari, akakaa foleni, akarudi siku ya pili akakaa foleni tena, kanisa halikumtuma, hakungoja kamati, na wakati Jeannot wangu alipokufa, wamama wa kanisa walikuja na unga na kuimba, walifanya vizuri, siku ya tatu wakarudi nyumbani kwao kama inavyofaa, na Geneviève akabaki, mwezi mzima, alileta cherehani kwangu kwa mkokoteni, alishona kwenye veranda yangu ili nisikie sauti ya kitu kinachofanya kazi, hakunihubiria hata mara moja, aliniita Chileshe, Chileshe kula, Chileshe oga, leo unanuka, Chileshe.

Na kwa nini sikumuuliza, kwa nini, sema wewe mwenyewe hapa ndani ambako hakuna anayesikia, niliogopa atakataa, hapana, uongo, sikuogopa atakataa, niliogopa atakubali, angesema ni mimi, Chileshe, nisamehe, angelia, ningelazimika kumsamehe palepale juu ya sahani ya sombe, na hasira yangu ingekwenda wapi, ile hasira ndiyo iliyokuwa inanisimamisha, bila ile hasira ningebaki na Mapalo nyuma ya pazia, na mimi mwenyewe, na maneno mulituficha, mulituficha, nilihitaji mtu mwenye kosa kubwa kuliko langu, nikaliita kanisa lije limpime, ndiyo, nilileta kwa wazee kile ambacho hakikuwa chao, nikampa mzee Anselme kitu kizito abebe na mgongo wake na maharage yake yote, na yeye akabeba kwa uaminifu, maskini, amekonda, mama Brigitte anasema hali chakula vizuri wiki hizi.

Hatua ya tatu, anasoma mzee, sauti yake imeshuka, Bwana niue, Bwana angusha bati hili, ufanye moto huko baa, ufanye aumwe tumbo, aahirishe Jumapili moja tu, Jumapili moja nitaenda kwake, naapa, kesho asubuhi kabla ya soko, Jumatatu... unajua kwamba hutakwenda, ulikuwa na Jumatatu tano, na kila moja ulipita barabara nyingine ili usisikie cherehani, hakuna Jumatatu, iko hii benchi na ile benchi, mabenchi mawili kati, magoti ya mama Mwaba, magoti ya wale dada wawili, na hewa... nikisimama nikamwambia mzee mbele ya wote, mzee, nilidanganya, itakuwa vizuri, ataikunja karatasi, lakini hiyo ni nini, ni kulieleza kanisa tena, ni kukimbilia kanisa mara ya pili, watanishika, watanilia, mama Brigitte atanikumbatia, nitakuwa mtenda dhambi aliyetubu, katikati ya watu, na Geneviève atabaki pale na shingo yake, bado hakuna aliyemuuliza, sitini tunajua kosa lake na hakuna hata mmoja aliyelisikia kutoka kwake, mzee nitamwambia, lazima, lakini si yeye wa kwanza, wa kwanza alisemwa ni nani, nimeandika mwenyewe kwa chaki... kwa hiyo leo, anasoma mzee, mbele ya kanisa la Mungu, tunamwita dada yetu... na anatua, anavuta pumzi, na mimi nimesimama.

Sikujua kwamba nimesimama, ni mkono wa mama Brigitte ulioniambia, umeshika kitenge changu, unavuta, "Mama Mapalo, kaa, ni mzee anazungumza," na mzee ameinua macho juu ya miwani, hana hasira, ni mshangao tu, "Mama Mapalo? Muko na neno?" niko nalo, mzee, niko nalo moja, lakini si lako, siwezi kumjibu, nikifungua mdomo sasa litatoka mahali pasipo pake, natikisa kichwa, natoka kwenye benchi, magoti ya mama Mwaba yanajikunja, kiatu changu kinakanyaga mtu, samahani, watu wanageuka, benchi la tatu, benchi la pili, baa inapiga ngoma zake, kule kwa waimbaji sijui Mapalo anaangalia wapi, sitaki kujua, hii si ya Mapalo pia, na hapa ni benchi la kwanza, ana nafasi upande wa kushoto, watu wamekaa mbali naye kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza, naketi, bega langu limegusa bega lake, ni gumu kama mbao, hageuki, kwa karibu ananuka mafuta ya cherehani na sabuni, nainama kwenye sikio lake, sauti ndogo, sauti ya wawili, "Gene. Njo weye ulibaambia?"

Haniangalii, anaangalia mbele, meza ya Bwana, kitambaa cheupe, na anajibu palepale, bila kungoja, kama neno lilikuwa limekaa mlangoni wiki tano na viatu vimevaliwa, "Njo miye. Baliniuliza, nikashindwa. Nilikuahidi na nikashindwa, Chileshe," na machozi hayaji, wala yake wala yangu, nilikuwa nayaogopa bure, kinachokuja ni kitu kingine, mkono wake unaopapasa benchi hauoni unachotafuta, na sasa amegeuka, mara ya kwanza nauona uso wake, amezeeka, wiki tano na amezeeka, na ananiuliza, si kwa ukali, anataka tu kujua, kama mtu aliyekaa na swali hili peke yake mpaka likamla, "Na weye? Juu ya nini haukukuja?" na mzee Anselme amesimama pale pale, hatua tatu kutoka kwetu, karatasi mkononi, kidole bado chini ya mstari ule ule, jina halijasomwa, kanisa lote linatungoja, na mimi natafuta kwa nini sikuja, jibu la kweli, si rahisi kulipata, liko chini sana, wangoje, wangoje kidogo, hii si kazi yao.